Swali la Msingi na Swali la Nyongeza: Historia ya Kuuliza katika Mabaraza ya Zanzibar

Neno baraza lina maana mbili zinazojulikana na kila mtu katika visiwa hivi. Ya kwanza ni lile jengo la mawe lililounganishwa na ukuta wa nyumba, ambapo watu hukaa baada ya sala ya alasiri wakanywa kahawa na kuzungumza khabari za mji. Ya pili ni chombo cha utawala, kikiwa Baraza la Kutunga Sheria la enzi za Mwingereza, Baraza la Mapinduzi, au Baraza la Wawakilishi tulilo nalo leo. Kinachoyakutanisha mabaraza ya aina zote mbili ni swali. Katika baraza la mawe mtu huuliza kwa nini maji hayatoki, kwa nini mchele umepanda, kwa nini mtoto amemaliza skuli na hana kazi. Katika baraza la sheria maswali ni yale yale, isipokuwa yameandikwa, yamepewa nambari, na yupo Waziri ambaye amelazimishwa na kanuni asimame ayajibu.

Makala hii inakusudia kufuatilia historia ya swali hilo la pili. Wanahistoria wetu wameandika mengi juu ya vyama, chaguzi, Mapinduzi na Muungano, lakini kitendo hiki kidogo cha mjumbe kusimama na kuitaka serikali ieleze sera yake ya jamii na uchumi kimeachwa kando, kana kwamba ni adabu ya kikao tu. Maoni yetu ni kwamba ukitaka kujua uhai wa utawala wa Zanzibar katika kipindi chochote, tazama mambo matatu: nani alikuwa na haki ya kuuliza, je anayeulizwa alikuwa na madaraka juu ya jambo aliloulizwa, na muulizaji alipatwa na nini baada ya kuuliza.

Wasiokuwa na wa kuwaulizia

Baraza la Kutunga Sheria, au LEGCO kama lilivyozoeleka, lilianzishwa mwaka 1926, miaka 36 baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Vikao vyake vilifanyika katika jumba la Victoria Hall, pale katika bustani ya Victoria. Wajumbe waliotokana na serikali walikuwa ndio wengi, na wasiokuwa wa serikali walikuwa 6, wote wa kuteuliwa: Waarabu 3, Wahindi 2 na Mzungu 1. Mwafrika hakuwemo hata mmoja, ingawa Waafrika, wenyeji wa mashamba na waliotoka bara, walikuwa ndio wingi wa watu wa Unguja na Pemba. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1946 ndipo Mwafrika wa kwanza alipoteuliwa kuingia katika baraza hilo.

Mpango huo ulikuwa na maana yake. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiulizwa, lakini ikiulizwa na waliochaguliwa na yenyewe, na pale maslahi yalipogongana ilikuwa na kura za kutosha kupitisha inachotaka. Mfano ulio wazi ni sheria za karafuu na ardhi za mwaka 1934. Wenye mashamba wengi walikuwa wamezama katika madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi, na bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka kutokana na mtikisiko wa uchumi wa dunia. Serikali ikatunga sheria za kuzuia ardhi isitoke mikononi mwa Waarabu na Waafrika kwenda kwa wadai wao, na ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoundwa mwaka 1927. Jamii ya Wahindi ilipinga kwa kila njia. Ilipoona kwamba hoja hazisikilizwi, iligomea biashara ya karafuu mwaka 1937, na mgomo huo ukaungwa mkono India kwenyewe, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, mpaka maafikiano yakapatikana mwaka 1938. Kile kilichoshindikana kupatikana ndani ya Victoria Hall kilipatikana sokoni.

Ikiwa waliokuwa na wajumbe 2 barazani walilazimika kutumia mgomo, waliokuwa hawana mjumbe wangetumia nini? Jawabu lilitoka bandarini mwaka 1948. Wachukuzi walisimamisha kazi kwa ajili ya ujira mdogo na gharama za maisha zilizopanda baada ya vita, na mgomo ukaenea mji mzima. Miaka mitatu baadaye jawabu jengine lilitoka Kiembesamaki. Wakulima wa huko walikuwa na malalamiko ya ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na juu yake wakaamriwa kuwapeleka ng'ombe wao kuchanjwa maradhi ya kimeta. Waliogopa kwamba chanjo itawaua ng'ombe, na wakakataa. Walishtakiwa, na tarehe 30 Julai 1951, siku ya hukumu yao mjini, umma uliokusanyika ulijaribu kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Tukio hilo linaitwa mpaka leo Vita vya Ng'ombe.

Mtu akilitazama suala lenyewe bila ya damu iliyomwagika, ataona kwamba lilikuwa ni suala la sera ya mifugo na fidia ya ardhi. Kwa nini chanjo ni ya lazima? Nani atalipa ng'ombe akifa? Ardhi iliyochukuliwa italipwa kwa kiasi gani na lini? Haya ni maswali ambayo mjumbe yeyote wa baraza angeweza kuyauliza asubuhi moja na Mkurugenzi wa idara akayajibu kabla ya saa sita mchana. Lakini mkulima wa Kiembesamaki hakuwa na kura wala mjumbe aliyemchagua. Si ajabu basi kwamba kutokana na vuguvugu hilo la wakulima ndipo kilipochipua chama cha siasa kilichojiita cha raia wa Sultani, ambacho mwishowe kilizaa Hizbu.

Kura, kususia, na ukimya

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kwa viti 6 tu vya kupigiwa kura. Kabla yake, mwaka 1954, viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walikuwa wameshtakiwa kwa uchochezi kutokana na maandishi ya gazeti la Al-Falaq, na wajumbe wao wakalisusia baraza kwa kipindi kirefu. Mmoja wao, Sultan Ahmed Mugheiry, alirejea kitini na akauawa mwaka 1955. Tunalitaja tukio hili la huzuni kwa sababu linaonesha mapema jambo litakalojirudia katika historia yetu: kususia ni silaha, na silaha hiyo humjeruhi pia yule anayeishika na yule anayekataa kuishika.

Chaguzi za 1961 na 1963 zilileta wajumbe wa kuchaguliwa kwa wingi, na kwa mara ya kwanza upinzani wa kweli ulikaa mkabala na serikali. Lakini upinzani huo ulikuwa na dukuduku ambalo swali haliwezi kulitibu. Mwezi Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote na bado ikaambulia viti 13 katika 31. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yaliiondoa serikali pamoja na baraza lake.

Kwa miaka 16 iliyofuata Zanzibar haikuwa na chombo cha kutunga sheria kilichotengana na serikali. Baraza la Mapinduzi lilikuwa ndilo linaloamua, linalotunga na linalotekeleza. Hatuwezi kusema kwamba katika miaka hiyo hapakuwa na sera za jamii. Kinyume chake, zilikuwepo nyingi na kubwa. Elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo mwaka 1964, ardhi ilitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu, na majumba ya maendeleo yalijengwa Kikwajuni, Kilimani na Michenzani. Wazee waliosomesha watoto wao kwa mara ya kwanza wanazikumbuka neema hizo kwa shukrani. Lakini wanaikumbuka pia foleni ya chakula ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati serikali ilipozuia mchele kuingia kwa wingi huku bei ya karafuu duniani ikiwa nzuri na akiba ya fedha za kigeni ikiwa kubwa. Kwa nini nchi yenye akiba ile iwe na watu wanaopanga foleni ya unga? Swali hilo liliulizwa kwa kunong'onezana katika mabaraza ya mawe, na yaliulizwa huko kwa tahadhari, maana hapakuwa na baraza jengine la kuliuliza.

Baraza la Wawakilishi lazaliwa

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1979 iliunda Baraza la Wawakilishi, na kikao chake cha kwanza kilifanyika Januari 1980. Mwanzoni wajumbe wake hawakupigiwa kura moja kwa moja na wananchi. Jambo hilo lilikuja na Katiba ya 1984 na uchaguzi wa majimbo wa 1985. Katiba hiyo ya 1984 ndiyo iliyoliweka swali katika maandishi. Kifungu chake cha 88, kinachoeleza kazi za Baraza, kinawapa wajumbe madaraka ya kuwauliza mawaziri maswali yanayohusu mambo ya umma, kujadili utendaji wa kila wizara wakati wa bajeti, na kuidhinisha na kusimamia mipango ya maendeleo.

Hapo ndipo yalipozaliwa yale mazoea ambayo kila mwenye redio nyumbani anayajua. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema, likaandikwa katika orodha ya shughuli kwa nambari yake. Waziri au Naibu wake husoma jawabu lililotayarishwa na watendaji. Kisha mwakilishi husimama tena na kusema kwamba ana maswali mawili madogo ya nyongeza. Anayefuatilia vikao hivi anajua kwamba hayo yanayoitwa madogo ndiyo makubwa. Swali la msingi huuliza serikali ina mpango gani wa kuwapatia maji watu wa kijiji fulani, na hujibiwa kwa mpango. Swali la nyongeza huuliza: mpango kama huo mlituambia mwaka juzi, kilichozuia ni nini? Jawabu la hilo haliwezi kuandikwa kabla, na hapo Waziri huonekana kama anaijua wizara yake au hajui.

Wepesi wa mazoea haya usitufanye tuyadharau. Kwa mara ya kwanza katika historia ya visiwa hivi mkulima wa Micheweni na mvuvi wa Nungwi walikuwa na mtu waliyempigia kura, mwenye haki ya kikatiba ya kumsimamisha Waziri akaeleza kwa nini kituo cha afya hakina dawa. Wakulima wa 1951 hawakuwa na hilo.

Nani mwenye ufunguo?

Lakini lipo tatizo jengine, nalo ni la Zanzibar khasa. Serikali yenye mamlaka ya ndani huulizwa juu ya maisha yote ya watu, ilhali madaraka yake ni ya sehemu tu ya maisha hayo. Katika nchi nyengine serikali za namna hii zimepewa madaraka na serikali kuu, kama Bunge la Uingereza lilivyoipa Scotland madaraka yake kwa sheria ya mwaka 1998. Zanzibar njia yake ilikuwa ya kinyume: ilikuwa dola, ikatoa baadhi ya mambo yake kwa Muungano tarehe 26 Aprili 1964, na yaliyobaki yakawa yake. Mambo yaliyotolewa yalikuwa 11. Leo orodha ya Mambo ya Muungano ina mambo 22, yakiwemo sarafu na benki kuu, ushuru wa forodha, kodi ya mapato na mikopo ya nje. Kwa hivyo mwakilishi anapouliza kwa nini bidhaa imepanda bei au kwa nini mfanyabiashara wa Darajani anatozwa ushuru mara ya pili akiipeleka bidhaa yake Dar es Salaam, Waziri aliye mbele yake anaweza kulieleza jambo hilo, kulisikitikia na kuahidi kulifuatilia, lakini si lazima awe na uwezo wa kulibadilisha.

Mifano ni mingi. Kwa miaka kadhaa wawakilishi waliuliza kwa nini Zanzibar ipate asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti inayotolewa kwa Tanzania, na kwa msingi gani. Waliuliza juu ya Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ambayo Katiba ya Muungano inaitaja katika kifungu cha 133, na juu ya Tume ya Pamoja ya Fedha iliyotajwa katika kifungu kinachofuata. Majawabu yaliyotolewa yalikuwa ya uungwana na ya kurudiarudia: mazungumzo ya pande mbili yanaendelea. Hayakuwa majawabu ya uongo. Mazungumzo kweli yalikuwa yakiendelea, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Umeme ulikuwa mfano mkali zaidi, kwa kuwa ulimgusa kila mtu. Usambazaji wa umeme visiwani ni kazi ya shirika la Zanzibar, lakini umeme wenyewe hutoka bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Waya huo ulizeeka huku mji ukikua. Mwaka 2008, kati ya Mei na Juni, Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Ilipofika Disemba 2009 giza lilirudi, na safari hii lilidumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Hospitali ziliendeshwa kwa majenereta, maji hayakusukumwa, na samaki walioza. Wenye hoteli walinunua dizeli, na wasiokuwa na kitu walinunua mishumaa. Suala la uzee wa waya halikuwa siri; ajali ya 2008 ilikuwa onyo tosha. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010, na waya mpya wa Unguja ulizinduliwa 2013. Hata hivyo mwaka 2017 shirika la umeme la bara lilitishia kuikatia Zanzibar kwa ajili ya deni, na swali la nani hasa anayepaswa kujibu likarudi pale pale.

Liko pia tukio ambalo swali liliulizwa katika nyumba ya pili na jawabu likaibadilisha ya kwanza. Mwaka 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ni misaada ya kiuchumi. Bunge la Muungano lililichunguza jambo hilo, likaona kwamba ni uvunjaji wa Katiba, na Zanzibar ikajitoa Agosti 1993. Halafu mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, akijibu swali Bungeni, alisema kwamba Zanzibar si nchi. Visiwani maneno hayo yalijadiliwa barazani na vibarazani kwa miezi. Mwaka 2010, Katiba ya Zanzibar ilipofanyiwa mabadiliko ya kumi, ilitamka kwamba Zanzibar ni nchi. Jawabu la dakika moja la swali lililoulizwa Dodoma lilikuwa miongoni mwa yaliyoisukuma katiba hiyo kuandikwa vile.

Na katika mafuta wawakilishi walikwenda mbali kuliko kuuliza. Mafuta na gesi asilia viliingizwa katika orodha ya Muungano mwaka 1968. Mwezi Aprili 2009 Waziri aliyehusika na nishati, Mansoor Yusuf Himid, aliwasilisha barazani msimamo wa serikali, na wajumbe wa vyama vyote viwili wakaazimia kwamba rasilimali hiyo itolewe katika orodha. Azimio hilo halikuwa na nguvu ya sheria upande wa pili wa bahari. Lakini halikufutika, na kwa sheria ya petroli ya Muungano ya mwaka 2015 Zanzibar ilipewa njia ya kusimamia shughuli zake yenyewe, ikatunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016.

Viti vitupu

Tumesema kwamba kususia humjeruhi anayekushika. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, ambao CCM ilitangazwa kupata viti 26 na CUF 24, CUF haikuyatambua matokeo ya Urais na wawakilishi wake wakaigomea shughuli ya Baraza. Sababu zao zilikuwa nzito. Tofauti ya kura za Urais ilikuwa chini ya asilimia moja. Wafadhili walisimamisha misaada. Mwaka 1997 viongozi kadhaa wa CUF walikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini Juni 1999, lakini uchaguzi wa 2000 ulivurugika tena, mauaji ya Januari 2001 yakatokea, na ni baada ya Muafaka wa pili wa Oktoba 2001 na chaguzi ndogo za Mei 2003 ndipo upinzani uliporejea kitini kwa utulivu.

Kwa hisabu hiyo, katika miaka minane tangu 1995 Baraza lilikuwa na upinzani kamili kwa kipindi kifupi tu. Na ilikuwa miaka gani! Karafuu ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliuzwa duniani kwa maelfu ya dola kwa tani ilikuwa imeanguka hadi mamia. Mkulima wa Pemba alilazimishwa na sheria kuiuzia serikali peke yake, kupitia shirika la biashara la taifa, na usiku madau yalivuka na magendo kuelekea Mombasa. Skuli zilijaa na madawati hayakutosha. Huo ndio wakati ambao Pemba ilihitaji mtu wa kuuliza kila wiki: bei ya mkulima inapangwaje, na baki inakwenda wapi? Wenye kuipenda serikali hawakuuliza kwa sauti, na wenye kuipinga hawakuwemo. Hatumlaumu aliyesusia, kwani aliona kwamba kuingia ni kuhalalisha. Tunasema tu kwamba gharama yake ililipwa na mchumaji wa karafuu aliyekuwa juu ya mti.

Linganisha na yaliyokuja baadaye. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad yalihitaji kupewa sura ya kisheria, na sura hiyo ilitoka barazani, kwa hoja binafsi ya kiongozi wa upinzani, Abubakar Khamis Bakary, iliyopitishwa Januari 2010. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai mwaka huo iliungwa mkono na asilimia 66.4. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaundwa. Wengi walikhofia kwamba vyama vyote viwili vikiwa serikalini, hakutakuwa na wa kuuliza. Haikuwa hivyo. Wawakilishi wa viti vya nyuma, kama Ismail Jussa Ladhu wa Mji Mkongwe kutoka CUF na Hamza Hassan Juma wa Kwamtipura kutoka CCM, walijulikana kwa kuwabana mawaziri bila ya kuangalia chama cha Waziri. Mwaka 2011 bei ya mkulima wa karafuu ilipandishwa sana na serikali ikaahidi apate asilimia 80 ya bei ya dunia. Na baada ya kuzama kwa Spice Islander Septemba 2011 na Skagit Julai 2012, Waziri aliyehusika na usafiri alijiuzulu, jambo lililokuwa nadra katika siasa zetu.

Muulizaji naye aulizwa

Hata hivyo kipindi hicho hicho kilitupa somo la mwisho. Mwezi Agosti 2013 CCM ilimfukuza uanachama Mansoor Yusuf Himid, yule yule wa azimio la mafuta, kwa misimamo yake juu ya muundo wa Muungano. Kwa kuwa katiba zetu zinamtaka mwakilishi awe mwanachama wa chama kilichomsimamisha, alipoteza na kiti. Uchaguzi mdogo ulifanyika Februari 2014. Jimbo lenyewe lilikuwa Kiembesamaki.

Msomaji atakumbuka jina hilo. Mwaka 1951 watu wa Kiembesamaki hawakuwa na mjumbe barazani. Mwaka 2013 walikuwa naye, wamempigia kura wenyewe, na kiti chake kikawa wazi kwa uamuzi wa kikao ambacho wapiga kura hao hawakukichagua. Mtu anaweza kuafikiana na misimamo ya Mansoor au asiafikiane nayo. Hilo si muhimu hapa. Muhimu ni kwamba kila mwakilishi aliyebaki kitini aliuona mfano huo, na mtu aliyeuona mfano kama huo hulipima swali lake la nyongeza kabla ya kusimama.

Baada ya kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015 na kurudiwa kwake Machi 2016 bila ya CUF kushiriki, viti vya majimbo vilikwenda takriban vyote kwa chama kimoja, na ukimya ukaanza upya kwa miaka mitano. Serikali ya wakati huo haikukosa mema: mwezi Aprili 2016 ilianzisha pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, awe amewahi kuajiriwa au hajawahi. Ni sera nzuri, na kama ilivyokuwa kwa elimu ya 1964, ilikuja bila ya upinzani kuidai. Lakini sera nzuri nayo ina maswali yake. Je, shilingi 20,000 hizo zilinunua nini baada ya mchele kupanda? Mzee wa kisiwa kidogo anaipokea wapi, na nauli ya kwenda kuipokea ni kiasi gani? Anayetoa sera mara nyingi hafikirii nauli. Anayeifikiria ni yule aliyeulizwa juu yake na mzee mwenyewe, alipopita kijijini kwake.

Tulianza na mambo matatu. La kwanza, haki ya kuuliza, tumelipata kwa gharama kubwa baina ya 1926 na 1985, na tumelipoteza na kulipata tena mara kadhaa tangu hapo. La pili, madaraka ya anayeulizwa, bado limo mikononi mwa mazungumzo ya pande mbili. La tatu, salama ya muulizaji, halijawahi kutatuliwa, na pengine ndilo linalostahiki kushughulikiwa kwanza, kwani mwenye kukikhofia kiti chake hata akipewa Waziri mwenye madaraka yote hatamuuliza kitu.

Jumba la Baraza sasa lipo Chukwani, mwendo mfupi kutoka Kiembesamaki. Asubuhi ya kikao, wawakilishi wengi hupita kando ya uwanja wa ndege wakielekea huko. Ingekuwa kheri wakikumbuka, wanapopita, kwamba ardhi ile iliwahi kuwa na wenyewe, na kwamba wenyewe hao walikuwa na maswali matatu tu.